Wifi Yangu Mwanagenzi

Ujumbe wa Daktari Seol ulinikuta nusu ya tambi ziko mdomoni na nusu bado zinaning'inia kwenye kikombe.

"Bibi," aliandika, "sisi tunakupenda, ila Mnara wa Majivu haukupendi. Jumamosi saa nane mchana tunaingia. Ukiwa umeshakuwa Mshika Taa, nafasi yako ni yako. Ukiwa bado mganga wa kawaida, itabidi tumchukue yule kijana wa Gwangju. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Nilimeza tambi, nikanywa na mchuzi wake, ndipo nikaandika: "Mwambie huyo kijana asioge bado, safari si yake."

Daktari Seol ni daktari wa meno kule Daejeon, na ndani ya mchezo wa Milima Tisa ndiye kiongozi wa kikosi chetu. Tuko watano. Yeye anapigana kwa shoka kubwa kuliko kliniki yake. Bwana Pyo, dereva wa basi wa Ulsan, anatangulia na ngao. Kuna wapiga mishale wawili, mume na mke, ambao hawasemi na mtu ila wao kwa wao, tena kwa kugombana. Mimi natibu. Nyumbani naitwa Mal-sun, ila jina langu humo ni KimchiKongwe. Umri wangu wanaujua. Siku ya kwanza niliwaambia wakadhani natania. Siku ya pili Bwana Pyo akasikia kikohozi changu kwenye hedifoni, akaamini.

Asiyecheza ataniuliza: bibi mzima na meno yako ya bandia, unalilia nafasi ya kwenye kompyuta? Ndiyo, nalilia. Watoto wangu wako Seoul. Hunipigia simu kuniuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa, kama nimewasha moto wa kupasha sakafu joto. Hawa wa kikosi hawana habari na chakula changu. Wao huniita kwa sababu wanakufa. "Bibi uko wapi? Bibi, damu imeniishia!" Nikiachwa nje ya Mnara, nitabaki na wale wa dawa tu.

Sasa, kupanda daraja kutoka mganga hadi Mshika Taa si jambo la kuua mazimwi. Hayo ningeyaua. Ni safari ya mtihani, na anayeitoa ni kobe mmoja wa jiwe aliyekaa mlangoni mwa bonde. Ukimgusa anafungua mdomo polepole, kama karani wa serikali za mitaa saa ya kufunga ofisi, anakusomea masharti. Uchukue mwanagenzi, mtu ambaye hajawahi kabisa kucheza. Umvushe bonde zima, mpite chemchemi zote, mpaka kwenye Taa. Wewe mganga usipige chochote, hata mbu. Umtibu yeye, si nafsi yako. Na kwenye Chemchemi ya Pili, maji yana mashaka: mganga anywe kwanza, mwanagenzi afuate. Mwanagenzi akifa mnarudi mlangoni. Na mwanagenzi naye akiua wanyama wakatosha, anapanda kiwango, na hapo si mwanagenzi tena, hafai.

Ugumu haukuwa bonde. Ugumu ulikuwa kumpata huyo mwanagenzi. Milima Tisa ni mchezo wa zamani, na kwetu mtu hujisajili kwa namba ya kitambulisho, mara moja tu katika maisha yake. Wote wa kikosi walishajisajili. Vijana wa ukumbi wa kompyuta wa Bwana Ma, pale juu ya duka la mbolea sokoni Sangju, nao walishajisajili zamani wakiwa watoto, wakauacha mchezo, sasa wanacheza ule wa bunduki. Nilipowauliza walinitazama kana kwamba nimewaomba wanisaidie kusaga mahindi kwa mawe.

Nikaenda nyumba ya wazee, walikokuwa wakicheza karata za maua. Bibi Tak akasema macho yake hayawezi, na hapo hapo akaona karata ya jirani yake kutoka upande wa pili wa chumba. Bibi Bong alikubali. Nikamleta, nikaingiza namba yake, kompyuta ikakataa. Kumbe mjukuu wake alishaitumia namba ile miaka mingi nyuma, na bibi wa watu, asiyejua hata kuwasha kompyuta, humo ndani alikuwa jambazi wa kiwango cha juu anayetafutwa kwenye milima mitatu. Alifurahi sana. Mpaka leo anajitambulisha hivyo.

Akabaki mtu mmoja Sangju nzima ambaye nilikuwa na hakika hajagusa kompyuta maishani mwake: wifi yangu, Gwak Pil-rye, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Nilikuwa nimemwacha wa mwisho makusudi, kama mtu anavyoacha kung'oa jino.

Nilimkuta kwenye banda lake la kukaushia persimoni, kaketi kwenye kigoda, kisu mkononi, na matunda yaliyomenywa yamening'inia kwa kamba juu ya kichwa chake kama taa za sherehe.

"Dada, umekula?"

"Nimekula. Unataka nini?"

"Lazima nitake kitu?"

"Ukija mikono mitupu unataka kitu kikubwa. Ukija na machungwa unataka kitu kikubwa na una haya. Weka hapo."

Nikaweka machungwa. "Dada, nataka uwe mwanagenzi wangu."

Kisu kikasimama katikati ya tunda. "Mimi? Mwanagenzi? Wako?"

"Ndani ya kompyuta tu."

"Hata ndani ya kaburi! Mimi niliyekufundisha kuchachusha kabichi, wewe ulipokuja kwetu hujui hata chumvi inaingia lini?"

"Mwanagenzi si mtu wa chini, Dada. Mwanagenzi ndiye anayelindwa. Mganga ni mtumishi wake. Anamfuata nyuma, anamfunga vidonda, haruhusiwi hata kuinua mkono."

Wifi akalizungusha tunda taratibu. "Yaani utanitumikia."

"Safari nzima."

"Na huruhusiwi kunijibu?"

"Hilo kobe hakulisema."

"Angelisema ningekuja jana." Akanirushia kisu cha pili, mpini mbele. "Kaa umenye. Kreti lile likiisha nitafikiria."

Likaisha, akafikiria, akakubali. Ila siku iliyofuata alikuja ukumbini kwa Bwana Ma amevaa nguo zake za kuendea harusi, na pochi.

"Tunaonana na watu," akaniambia. "Nisije nikakutia aibu."

Bwana Ma akamkalisha kompyuta ya pembeni yangu, akamletea chai ya shayiri. Tukaanza kumuumba mhusika wake. Nilidhani atachagua kikongwe, maana wapo. Akachagua msichana mrefu mwenye nywele nyekundu hadi kiunoni.

"Dada, huyo hafanani nawe hata kidogo."

"Hukuniona nikiwa kijana."

"Nilikuona. Nywele zilikuwa nyeusi."

"Baba alinikataza zisiwe nyekundu." Akabonyeza. "Hapa wanataka nini?"

"Jina."

"Andika: Gwak Pil-rye, wa ukoo wa Gwak wa Hyeonpung, binti wa kwanza."

"Haliwezi kuingia lote."

"Basi na wao wapanue."

Hawakupanua. Ikabidi akubali GwakPilrye, bila nafasi katikati, na akanung'unika kwamba hivyo ndivyo watu wanavyopoteza ukoo.

Kuingia bondeni tu, akaona chura kando ya njia. Chura wa bondeni ni wa kijani, mkubwa kama ndoo, hana ubaya sana ila anapenda kurukia watu. Wifi akamtandika kwa fimbo yake ya mwanagenzi. Chura akafa, akatoa mwanga.

"Ala!" akasema Wifi, macho yamemtoka. "Umeona?"

"Usiue, Dada! Ukiua unapanda kiwango, unaacha kuwa mwanagenzi!"

"Mmoja tu." Tap. "Na huyu alinikodolea macho." Tap. "Na huyu ni ndugu yao."

Nilimshika mkono, mkono wa kweli wenye pete, nikamwambia akiua hata mmoja zaidi safari imekwisha. Akaacha, akaomboleza kama mtu aliyepokonywa sahani. Tukaendelea. Mimi nyuma, yeye mbele, na kila alipogongwa na tawi akanigeukia: "Mtumishi! Kidonda!" Nami namtibu. Vijana wa bunduki wakaanza kuvua hedifoni zao mmoja mmoja kutusikiliza.

Chemchemi ya Kwanza tukaipita bila taabu. Tukafika ya Pili. Kuna bakuli la shaba juu ya jiwe, maji yametulia, na ukiligusa bakuli kompyuta inakuuliza: nani anywe kwanza? Yanatokea majina mawili. KimchiKongwe. GwakPilrye.

Masharti nilikuwa nayajua. Asubuhi ile nilikuwa nimeyarudia nikipiga mswaki. Lakini mtu ameketi pembeni yangu, mkubwa wangu, na kuna bakuli. Nikajisikia nasema, "Karibu, Dada," na kidole changu kikabonyeza jina lake.

Msichana mwenye nywele nyekundu akanywa, akayumba, akaanguka kifudifudi.

Kisha kijana mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "Bibi kamtilia wifi yake sumu!" na watu wakaangua kicheko hata Bwana Ma akamwaga chai. Na mimi, ninakiri mbele yenu, nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Wifi alivaa koti lake taratibu. Akafunga vifungo vyote hadi shingoni. "Nilikuja hapa mzima," akasema, "na nguo nzuri." Akatoka.

Kobe akafungua mdomo: Mwanagenzi amelala. Rudini mlangoni.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Nilimfuata Wifi bandani kabla chakula cha jioni hakijapikwa, bila machungwa. Hakunitazama. Nikaketi, nikachukua kisu, nikaanza kumenya. Tulimenya, kila mtu na ganda lake refu likijiviringa miguuni.

"Kumenya gani huko," akasema mwishowe. "Unatoa na nyama."

"Samahani, Dada."

"Kobe alikuambia nani anywe kwanza?"

"Mimi."

"Kwa nini ukanipa mimi?"

"Mkono ulienda wenyewe."

"Mkono."

"Tangu nilipoolewa kwenu umekuwa ukienda kwako kwanza. Wali kwako kwanza, supu kwako kwanza, hata pale sakafu inapopata joto zaidi nilikuwekea wewe mto. Leo mashine inaniuliza nani anywe kwanza. Ulitaka nijibu nini?"

Wifi akainamisha uso juu ya tunda. Nilijua anaficha nini. Alikuwa amefurahi na hakutaka nione. "Basi ulifunzwa vizuri," akasema.

"Nilifunzwa kupita kiasi. Na kesho mkono utaenda pale pale, na saa nane wenzangu wanaingia Mnarani na yule kijana wa Gwangju."

"Wana haja gani na wewe hao? Daktari mzima, na dereva."

"Wanaumia, mimi nawatibu. Wanaanguka, mimi nawainua. Nikiwa sipo hawafiki popote. Wananihitaji, Dada, ndiyo hivyo tu. Huku nje nani ananihitaji?"

Alilifunga tunda kwenye kamba, akalipandisha, akalipangusa kwa kidole mahali palipokuwa safi tayari. "Mdogo wangu, mume wako, uliposhinda naye hospitali," akasema, "madaktari walikuwa wamesema wiki. Ukamvusha majira yote ya baridi." Kisha, kama aliyejiona amesema mengi: "Menya. Nyembamba. Usifikiri nimesahau ulivyocheka."

Hakusema kwamba atakuja. Nami sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi ya Jumamosi nilipopanda ngazi za Bwana Ma nilimkuta ameshafika. Ameleta mto wake wa kukalia, ameuweka kwenye kiti, na nguo ni za shambani. Mbele ya kijana yule mtangazaji ameweka tunda moja la persimoni.

"Nimempa," akanieleza, "ili mdomo wake uwe na kazi."

Tukaingia bondeni. Safari hii Wifi hakutembea mbele kwa maringo. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Vyura walimrukia, akawakwepa kwa kuwatukana. Chemchemi ya Kwanza tukanywa, tukapita. Ya Pili hii hapa. Bakuli la shaba. Nani anywe kwanza?

Nilishika kipanya. Jina langu liko juu, jina lake liko chini, na mkono wangu, naapa, ukaanza kuteremka. Nikauzuia. Nikajaribu kuupandisha. Haukupanda. Jasho likanitoka kwenye kope. Unaweza kucheka, lakini hebu wewe jaribu kumnyang'anya mama mkwe wako kijiko mbele ya wageni, kisha uje tuzungumze.

"Unangoja nini?" akauliza Wifi.

"Mkono, Dada."

Alinitazama. Akautazama mkono. Kisha akajiweka sawa kwenye mto wake, akanyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake ya siku za sherehe za kuwakumbuka mababu, anapoelekeza sahani ya samaki ikae mashariki na ya nyama ikae magharibi:

"We Mal-sun! Maji haya yana mashaka, sivyo?"

"Ndiyo, Dada."

"Tangu lini mkubwa akaonja kitu chenye mashaka? Wafalme walikuwa na watu wa kuwaonjea. Unataka mimi nionje sumu na wewe umeketi hapo? Hiyo ndiyo adabu uliyojifunza kwetu? Onja! Nakuamuru."

Mnaona mambo hayo? Hakunipisha hata unywele mmoja. Alibaki mkubwa vile vile, tena zaidi kidogo, na mimi nikapata njia. Amri ya mkubwa si utovu wa adabu. Mkono ukawa mwepesi. Ila hata hivyo sikuweza kunywa nikimkabili. Niligeuza uso pembeni, kiti na mimi tukaligeukia dirisha, kama mtu mdogo anavyofanya akipewa kinywaji mbele ya wakubwa zake, na nikabonyeza jina langu bila kutazama kioo.

"Hivyo," nikasikia nyuma yangu. "Sasa umenywa kama mtu wa kwetu."

Nilipogeuka, KimchiKongwe alikuwa amekuwa wa kijani. Damu yake ilikuwa imeteremka ikabaki uzi mwembamba. Msichana mwenye nywele nyekundu akanywa baada yangu, na kwake yalikuwa maji tu.

Hapo ndipo ubaya wa mtihani ulipoonekana. Siruhusiwi kujitibu. Nikikimbia, sumu inapanda. Nikitembea polepole, inakaa. Kwa hiyo ilibidi tuende taratibu kabisa, na wifi yangu ni mtu ambaye tangu nimjue hutembea hatua tatu mbele ya watu kisha akageuka kuwalaumu. Akageuka. Nikangoja lawama. Badala yake yule msichana akarudi, akasimama kando yangu, akaanza kutembea ninavyotembea.

"Usiseme neno," akanionya.

"Sijasema."

"Nasikia unavyopumua."

Taa ilishaanza kuonekana mbele, juu ya jukwaa la mawe, chura mmoja alipochupa kutoka kwenye matete akatua katikati ya njia. Alikuwa mkubwa kuliko wote. Kama angenirukia mimi, uzi wangu ungekatika. Wifi akaliona hilo kabla yangu. Akampitisha msichana wake mbele yangu akasimama.

"Usimpige!" nikasema. "Mmoja tu akifa, umepanda kiwango!"

"Najua!"

Chura akamrukia kifuani. Nikamtibu. Akamrukia tena. Nikamtibu. Wifi ameshika fimbo, vidole vyake vya kweli vimetulia juu ya kibodi bila kubonyeza, na mdomo umewaka.

"Piga! Piga tu, mtoto wa matope wewe! Kibofu! Uso kama chungu kilichopasuka! Unadhani naogopa? Nilimlea mume mlevi, nitakuogopa wewe? Mal-sun, kidonda! Piga tena, tumbo wewe! Mal-sun!"

"Natibu, Dada!"

"Pita upande wangu wa kushoto, mjinga, nimemshika!"

Nikapita. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama nyuma yetu. Hata wa bunduki walikuwa wamejiachia wauawe. Nikasogea hatua kwa hatua hadi jukwaani, na yeye akarudi nyuma nyuma, uso kwa chura, akipokea mapigo na kurudisha matusi, mpaka kisigino chake kikagusa jiwe. Chura akageuka akaenda zake. Hata chura ana kiasi anachoweza kuvumilia.

Taa ikawaka yenyewe. Mwanga ukanijaa, ukijani ukanitoka, vazi langu la kitani likageuka la bluu iliyoiva, na fimbo yangu ikachipua taa ndogo kichwani. Juu ya jina langu pakaandikwa: Mshika Taa.

Vijana walipiga makofi, wengine wakapiga meza. Bwana Ma akasema kwa kuwa mteja wake amepanda daraja, ni desturi aliyepanda awalishe wengine, hivyo nikaagiza ngisi wa kuchoma kwa safu yote, na Wifi akatoa mfuko uliojaa persimoni zilizokauka ambao alikuwa ameuficha chini ya mto wake.

"Ulijua tutafaulu?" nikamuuliza.

"Nilijua utaagiza chakula kisichotosha."

Nikamwandikia Daktari Seol. Jibu lilikuja kabla sijapangusa vidole: "BIBI!!! Twende!" Sijui kijana wa Gwangju aliambiwa nini, wala sikuuliza. Natumaini alikuwa hajaoga.

Saa nane tuliingia Mnarani. Kuna giza humo, giza la makusudi, na majivu yanaanguka kutoka juu bila kukoma. Nikainua fimbo, taa yangu ikafungua njia, na kwa mara ya kwanza niliwaona wote wanne mbele yangu wameangaziwa na mimi: Bwana Pyo na ngao yake, wale mume na mke wakigombana ni yupi kapoteza mshale, na Daktari Seol na lile shoka. Nisiwadanganye, niliwahesabu mara mbili.

Ghorofa ya kwanza tukaisafisha. Ya pili ikawa kali. Mifupa inatoka ukutani kama wateja siku ya mnada. Daktari Seol akaanza kuandika kwa haraka: "Bibi nyuma! Bibi kushoto! Bibi mtibu Pyo!"

Wifi alikuwa bado ameketi pembeni yangu. Mwanagenzi haruhusiwi Mnarani, lakini hakuna aliyemkataza kusoma kioo changu.

"Nani huyo anayekuamrisha 'nyuma, kushoto' kama anaswaga mbuzi?"

"Ndiye daktari, Dada. Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Mwandikie," akasema, na akanyoosha mgongo. "Mwandikie kwamba anayesema naye ni mke wa mdogo wangu. Ukoo wa Gwak wa Hyeonpung. Awe na adabu."

Mikono yangu ilikuwa na kazi, Bwana Pyo alikuwa anaishiwa damu. Lakini ni amri ya mkubwa. Nikaandika: "Wifi yangu anawasalimu."

Daktari Seol akajibu: "Tunamsalimu sana, sasa MTIBU PYO!"

"Amesemaje?" akauliza Wifi, ambaye alikuwa ameshairudisha miwani yake ndani ya pochi.

"Amesema anaomba radhi, hatarudia."

"Vizuri." Akaegemea mto wake, ameridhika. "Madaktari ni watu waliosoma, wanaelewa upesi."

Nikamtibu Pyo, tukapanda ghorofa ya tatu.